Ndagala Juu ya Paneli

Kabla ya siku ile sikuwahi hata kumpa mkono mama wa mke wangu. Kwetu mkwe ni mkwe: unamsalimia ukiwa mbali, macho chini, na mkikutana kwenye njia nyembamba unaingia majanini apite. Miaka tisa nilishika adabu hiyo, na kusema kweli nilijivunia. Halafu nikamkuta amesimama pekupeku ziwani, juu ya mitambo yangu, mkono wake ukielekea kwenye waya uliochubuka.

Nasema "mitambo yangu" kwa kiburi cha fundi. Ni paneli za jua zinazoelea, mwendo mfupi kwa mtumbwi wa mota kutoka ufuko wa Rugenge. Tuliziweka majini kwa sababu nchi kavu haina nafasi: mlima uko mgongoni, na ziwa lenyewe lilikwisha kumeza nyumba za watu. Umeme wake unakwenda kwenye zahanati ya kujifungulia, unaendesha mashine ya oksijeni ya watoto wachanga. Mimi ndiye injinia wake, mlinzi wake na mpokea lawama wake.

Lawama zilikuwa nyingi wiki mbili mfululizo. Kila siku jua likipanda vizuri umeme ulikatika, ukarudi alasiri. Mkunga alinipigia simu akisema watoto wamehamishiwa kwenye chupa ya oksijeni ya akiba, na chupa inaisha. Nilibadilisha fyuzi, nikalaumu mawingu ambayo hayakuwepo, nikamlaumu aliyetuuzia nyaya. Siku ya kumi na tano nikakodi mtumbwi, saa tano asubuhi, nimefura kwa hasira.

Harufu ilinifikia kwanza. Ndagala, dagaa wa ziwa letu! Vioo vyangu, ambavyo nilikataza hata kuviegemea, vilikuwa vimetandazwa ndagala wabichi kutoka pembe hadi pembe. Nilitaka kulia, nikacheka, nikatukana kwa lugha tatu. Na kwa kweli palikuwa mahali pazuri pa kuanika: hakuna mchanga, hakuna mbuzi, hakuna vumbi la barabara. Ndipo nikaelewa kwa nini ndagala wa nyumbani kwangu siku hizo hawakuwa na hata chembe ya mchanga. Nilikuwa nimewasifu mezani.

Nilipokuwa nikisogeza mtumbwi ubavuni, kando ya mtumbwi wa kasia uliofungwa hapo, mwanamke aliyekuwa ameinama hatua moja tu kutoka kwangu akainuka, na matusi yakaniishia mdomoni. Alikuwa yeye.

Ganda la waya mmoja lilikuwa limesagwa na miguu, shaba iko wazi, naye alikuwa akinyoosha mkono uliolowa ausogeze apate nafasi ya ndagala wengine. Nilifungua mdomo nimkemee. Unamkemeaje mkwe? Naona aibu kuliandika hili: nilikuwa natafuta neno la heshima huku mtu anakwenda kufa mbele yangu.

Kisha nikamshika kiunoni, mimi mkwe wake, nikamvuta kwa nguvu, tukaangukia wote wawili ndani ya mtumbwi na sinia la ndagala juu yetu.

"Mukwe! Unanishika?" Alijifunika uso kwa kitenge.

"Mama, ile waya ingekuua!"

"Itaniua namna gani? Miye nilizima. Tunazimaga kwanza, kila siku."

Akanyoosha kidole kwenye sanduku la swichi. Ile nyekundu ilikuwa imezimwa kweli. Swichi ile hukata tu njia ya umeme kwenda nchi kavu. Paneli yenyewe haizimwi. Jua likiipiga, umeme umo. Kwa hiyo kila mchana walikuwa wakiwanyima watoto oksijeni, huku wenyewe wakikanyaga kifo kwa miguu mitupu.

"Nani aliwadanganya hivyo?" Niliuliza kwa sauti ambayo mkwe hatakiwi kuitumia.

Akashusha kitenge, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. "Weye, mukwe. Ku kanisa. Ulisema tukiminya ile ya rouge, ile nyekundu, umeme yote inakufa."

Nilisema hivyo. Siku ya uzinduzi mchungaji aliniomba niwaeleze akina mama usalama wa mitambo, nami, chakula kikiwa tayari na benchi zimejaa, nikafupisha. Maneno yale yale, na wakanipigia makofi.

Nilivaa glavu, nikaufunga waya kwa tepu, nikarudisha swichi. Nikamuuliza ni wangapi wanaokuja huku.

"Tuko wengi. Kila mumoja na siku yake." Alianza kuokota ndagala mmoja mmoja chini ya mtumbwi. "Leo ilikuwa zamu ya muke yako. Mutoto iko na homa, njo miye nikakuja pahali pake."

Nilikaa chini palepale, juu ya samaki, na sikuweza kuwasha mota.