Mama Alipoanza Kuimba Bustanini

Mama yangu alipohamia kwetu Niboye, Kigali, alikuja na mabegi mawili, mkungu wa ndizi, na sauti yake. Mabegi na ndizi tulivipatia nafasi siku ileile. Sauti ilichukua muda zaidi.

Alizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda, na huko nyumba zimekaa mbalimbali juu ya vilima. Mtu akitokea upande wa pili wa bonde, hakuna kumsubiri afike ndipo umsalimie. Unamsalimia palepale alipo, unamuuliza habari za watoto na za mahindi, naye anakujibu huku anatembea. Mama aliongea hivyo maisha yake yote. Kigali nayo ni mji wa watu wanaoongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili.

Wiki yake ya kwanza nilimpeleka kupima presha. Tukiwa kwenye mabenchi ya kusubiri, dada yake alipiga simu kutoka Karagwe, na Mama akaiweka simu kwenye spika. Ukumbi mzima ukajulishwa kwamba mjomba wangu, mgane wa miaka mingi, ametangaza kuoa tena, na kwamba bibi harusi ana masharti yake.

Nilimgusa goti. "Mama, punguza kidogo."

"Nipunguze nini? Habari ni njema!"

Mwanamke aliyekaa mkabala nasi alikuwa ameshaacha kuichezea simu yake. Tulipoitwa kuingia ndani, aliinama upande wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Masharti gani?"

Mimi nilikuwa nimeishi Kigali miaka ya kutosha. Nilipanda basi asubuhi kwenda ofisini Muhima, nikashuka, nikarudi jioni, bila kumsumbua mtu. Nilijisifu kwa hilo. Sikuwa nimegundua kwamba nilijifunza kutowasumbua watu mpaka nikawa siwajui.

Karibu na nyumbani kwetu, chini ya barabara, kuna bustani ndogo ya umma: njia ya mawe, viti vya zege, miti michache na nyasi zinazofyekwa vizuri. Mama aliipenda tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi alishuka pale, akaketi, akaimba nyimbo za kanisani, ubeti baada ya ubeti. Jumamosi nilienda naye. Nilikaa pembeni yake nikijifanya nasoma gazeti kwenye simu, shingo imeniwaka moto kwa aibu.

Kiti cha mbali kabisa alikaa mzee mmoja mwembamba, amevaa kofia ya pama. Jumamosi moja, Mama akiwa katikati ya ubeti, mzee yule aliinuka, akaja polepole, akavua kofia.

"Mama, mbabarira," alisema, akiomba radhi kwa Kinyarwanda kabla ya kuendelea kwa Kiswahili. "Sauti yako iko muzuri. Lakini iko kubwa sana. Naomba upunguze."

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Mzee wangu, bustani hii ni ya watu wote."

"Ndiyo maana naomba," alijibu. "Ingekuwa yangu peke yangu, ningekufukuza."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Mama. Tulirudi nyumbani. Jioni aliuliza, akimenya viazi: "Nimekuja kuishi mjini au nimekuja kuishi maktabani?" Halafu akanyamaza.

Alinyamaza kweli. Nyumba ikawa kama imeondokewa na mtu. Mume wangu, ambaye kila siku alilalamika kwamba hasikii taarifa ya habari, aliniita jikoni akaniuliza kama Mama anaumwa. Binti yetu alimwomba bibi yake amwimbie, akajibiwa kwamba huu ni mji wa watu wastaarabu. Nilitamani aanze kupiga kelele.

Jumamosi iliyofuata alivaa kitenge chake kizuri akaniambia, "Twende." Alivuka bustani moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mzee.

"Nimekuja kuuliza," alisema, na nikaona anajitahidi, maneno yanatoka kama maji ya bomba lililofungwa nusu. "Sauti yangu ilikukosea nini?"

Mzee alisogea akatupisha tukae. Akavua kofia, akageuza kichwa. Nyuma ya kila sikio kulikuwa na kifaa kidogo cha rangi ya ngozi.

Alituambia kwamba alikuwa dereva wa lori. Miaka mingi alipakia bandarini Dar es Salaam na kuvuka mpaka wa Rusumo, injini ikinguruma chini ya miguu yake usiku na mchana, na kidogokidogo masikio yakaenda. Alipostaafu hakuwa anasikia hata mlango ukigongwa. Wajukuu waliacha kumsemesha. Mwaka huo tuliokutana naye, watoto wake walichanga wakamnunulia vifaa vile vya kusikilizia.

"Siku ya kwanza niliogopa," alisema. "Kuna kitu kilikuwa kinafanya *shwa, shwa, shwa* ndani ya nyumba. Nilifikiri mashine imeharibika. Kumbe ni ndala za mke wangu."

Mama aliangua kicheko, kile cha Karagwe. Mzee akaruka, akashika masikio yote mawili. Mama naye akajiziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, mabega yakitikisika. Sikuwahi kumwona mama yangu akicheka bila sauti. Nilipomwona hivyo nilishindwa kujizuia, na mzee pia, na tukacheka watatu pale bila kelele mpaka machozi yakatutoka.

Alieleza kwamba vifaa vile vinakuza kila kitu, na kwamba masikio yake yalikuwa bado yanajifunza upya. Hapo bustanini alikuja kusikiliza vitu vidogo: majani, fagio la mfagiaji, ndege. Kulikuwa na ndege mmoja aliyempenda kuliko wote, na hakumjua jina.

"Analiaje?" Mama aliuliza.

Mzee akajaribu kumwiga. Mama akamsahihisha, kwani yeye pia alikuwa ameshamsikia ndege huyo. Wakaanza kubishana juu ya mlio wa ndege.

Makubaliano yao yalizaliwa hapo. Asubuhi ingeanza na ndege. Mzee akitosheka angevivua vifaa vyake na kuvitia mfukoni, na hapo Mama angeimba apendavyo. Akitaka kuimba mapema, angeshuka upande wa chini, penye mteremko. Haukupita muda mrefu mzee akaanza kuvivua mapema zaidi, kisha akawa anavipunguza tu badala ya kuvivua, ili asikie maneno ya nyimbo. Mama naye alijifunza kuimba kwa sauti ya kumbembelezea mtoto. Nilishangaa kusikia kwamba ilikuwa tamu zaidi.

Halafu wakaja wacheza ngoma.

Walikuwa wasichana na wavulana kama kumi, na spika nyeusi yenye taa zinazowakawaka. Dada wa mmoja wao alikuwa anaolewa Kimironko, nao walitaka kuingia ukumbini kwa mtindo. Muziki ulipolipuka, ndege wote waliondoka. Mzee alishika masikio, akatafuta kofia yake, akasimama aende zake.

"Kaa," Mama alimwambia. Akawaendea vijana.

Nilimfuata nikiwa na wasiwasi, nikitegemea kusikia bonde zima la Karagwe likiamka. Mama alisimama mbele yao akaanza kusema kwa Kinyarwanda chake cha kizamani, taratibu, kwa sauti ndogo mno. Waliona midomo yake ikicheza lakini hawakusikia kitu. Mmoja akasogea, wa pili akasogea, mwishowe msichana aliyekuwa kiongozi wao akazima muziki.

"Unasemaje, mukecuru?" aliuliza, akimwita bibi kwa heshima.

"Nasema mnacheza vizuri," Mama alijibu. "Ila yule wa nyuma anachelewa mguu wa kushoto."

Wakamcheka yule wa nyuma. Ndipo Mama akawaeleza habari za mzee na masikio yake mapya. Mvulana mmoja alinung'unika kwamba bustani ni ya watu wote.

"Nami nilisema hivyohivyo," Mama alimjibu kwa furaha, kama aliyekutana na ndugu. "Kaulize nilijibiwa nini."

Msichana alitazama kiti cha mbali, akanyanyua spika mwenyewe, akaipeleka chini kwenye mteremko, akaigeuza uso kuelekea barabarani na kuipunguza. Walianza upya. Mama akabaki nao, akiwahesabia hatua kwa makofi mepesi.

Mzee alitazama kwa muda. Kisha akavua kifaa kimoja, akavua cha pili, akavitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Akashuka, akaenda kusimama karibu kabisa na spika, kiganja juu yake.

"Mimi huu nausikia kwa mkono," alitangaza, kwa sauti ya mtu asiyesikia anavyosema, kubwa kuliko ya Mama siku yoyote ile. "Haya, tuendelee!"

Akacheza. Alicheza kwa magoti yaliyokunjwa na mikono iliyoinuliwa juu kama pembe za ng'ombe, namna wazee wanavyocheza kwenye harusi za kweli, na vijana wakaacha mtindo wao wakamfuata. Mama alikuwa upande wake wa kulia. Mimi nilikuwa bado nimesimama njiani na mkoba begani.

Mwanamke mmoja akatokea juu barabarani, mtandio kichwani, ndala miguuni. Alikuwa amekuja kumwita mumewe aje kula. Aliita jina lake mara kadhaa, bila jibu. Akashuka ngazi akiwa amekunja uso, akafika chini, akamwona jinsi alivyo. Akaweka ufunguo wake wa nyumba juu ya kiti, akaniambia, "Dada, niangalizie," akaingia katikati yao mikono juu.

Nikauweka mkoba wangu juu ya ule ufunguo, nikavua viatu, nikaenda.