Vipande Arobaini vya Kushoto

Chumba kile cha ushonaji kilikuwa na cherehani saba, meza ndefu ya kukatia, pasi mbili na sheria moja tu. Aliyeitunga ni msimamizi wake, mama wa makamo aliyeitwa Bi Futi, maana futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku za mapumziko. Sheria yenyewe ilikuwa hivi: mtu akiharibu kazi, aje aseme mwenyewe, na Bi Futi, kabla ya kufoka, kabla hata ya kuuliza kilichoharibika, lazima ajibu, "Asante kwa kuniambia."

Msidhani ilimtoka kirahisi. Bi Futi alikuwa na hasira za karibu, na mara nyingi asante hiyo aliitoa huku ameuma meno, akitazama dari. Lakini aliitoa kwa miaka kumi na tisa, na ndiyo maana kwake hapakuwahi kufichwa shati bovu chini ya meza.

Sasa macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Mstari mmoja wa chaki aliuona miwili, na daktari alishamwambia waziwazi kwamba siku zake za kushika mkasi zinahesabika. Hakumwambia mtu. Kila alipokwenda kliniki aliaga kwamba anafuata vifungo. Tumaini lake lote lilikuwa kwa binti yake wa pekee, aliyemfundisha kukata yeye mwenyewe. Alitaka meza ile airithi binti, basi.

Jumatano hiyo alimwachia kazi ya kwanza kubwa, makoti ishirini ya wauguzi, akaenda zake. Aliporudi mchana, bila vifungo, mpiga pasi alimpokea mlangoni. Mzee huyo hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama, kuna jambo. Nimetumwa na binti yako. Kitambaa kimeharibika."

"Asante kwa kuniambia," alisema Bi Futi, akatazama dari, kisha akaingia.

Kitambaa kile kina uso na mgongo: uso unang'aa, mgongo umefifia. Mkataji hukitandaza tabaka juu ya tabaka, uso kwa uso, ili mkato mmoja utoe vipande vya kushoto na vya kulia. Binti alikuwa ametandaza matabaka yote arobaini uso juu, akakata. Vipande arobaini vya kifua, vyote vya kushoto. Labda wapatikane wauguzi wa upande mmoja. Na kitambaa kingine cha aina hiyo kingechukua wiki mbili kufika.

Binti alikuwa amesimama kwenye kona, aproni keshaivua na mkoba begani. Bi Futi hakumsemesha. Alivunjika moyo, na hakuna haja ya kulipamba hilo: aliona kazi yote ya kumfundisha imepotea bure. Alichukua simu, akampigia mkuu wa wauguzi, akamwambia makoti yatachelewa na kosa ni la chumba chake. Kisha akaanza kukunja vile vipande, kimoja kimoja, na vidole vyake vikapita kwenye kingo. Mkato ulikuwa safi, hakuna hata uzi uliochomoza. Yeye mwenyewe enzi zake hakukata hivyo.

"Mbona umemtuma mzee wa watu?" aliuliza hatimaye. "Sheria huijui?"

"Naijua, mama. Ni ya wafanyakazi."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mwanao. Wao wakikosea unawashukuru. Mimi nikikosea unaninyamazia, siku tatu, nne. Nyumbani hata chai tunakunywa kimya. Tafuta mtu mwingine wa kukata."

Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza. Bi Futi alihisi maneno yale yamemwingia, kwa sababu yalikuwa kweli.

"Asante kwa kuniambia hilo," alisema. Safari hii hakutazama dari. Alimtazama mwanawe. "Na mkato wako ni mzuri kuliko wangu. Nilipaswa kukwambia zamani."

Binti aliinamisha kichwa. Mkoba ulikuwa bado begani.

Bi Futi aliivua futi shingoni, akaiweka mezani.

"Nami nina langu nililoficha, mwanangu. Vifungo sijawahi kufuata. Nilikuwa kwa daktari wa macho. Yanakwenda. Hata hapo ulipo, nakuona kwa tabu."

Binti aliutua mkoba sakafuni, akaja mpaka kwenye meza, akasimama karibu kabisa, mahali ambapo mama yake angeweza kumwona.

"Asante kwa kuniambia, mama."