Bibi Mwenye Kapu la Kuku

Luhende alikuwa na zeze kabla hajawa na mke. Alilitengeneza mwenyewe akichunga ng'ombe wa baba yake, huko bondeni Momba. Watu wa Msangano walimwita kwenye harusi, wakamlisha, wakampa pombe, wakamsifu. Sifa zikamlevya kuliko pombe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa zilipoanza kuvuka mpaka. Kila aliyetoka Tunduma alirudi na habari za malori na watu. Luhende akajiambia kwamba watu wote hao hawawezi kukosa masikio. Mkewe, Nyanzobe, alikuwa na mimba ya tatu.

"Nakwenda mjini na zeze langu," akamwambia. "Kabla ya mvua nimerudi."

"Na shamba?"

"Nimesema kabla ya mvua."

Nyanzobe hakubishana. Alimfungia michembe, viazi vitamu vikavu, kwenye kitambaa, akamsindikiza mpaka kwenye njia.

Mvua zikaja, Luhende hakuja. Aliyekuja ni mama yake Nyanzobe, na jembe lake begani. Akalima shamba la mkwewe akiwa na binti yake mwenye tumbo kubwa.

Mama mkwe huyo Luhende hakuwahi kumtazama usoni. Ndivyo Wasukuma wale walivyolelewa. Wakikutana njiani, mmoja anapisha porini, mwingine anainamisha kichwa. Kula pamoja, hapana. Kuongea uso kwa uso, hapana. Jina la mama yule Luhende hajalitamka mpaka leo. Na kumtania mama mkwe ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi.

Huko Tunduma Luhende alikaa kwenye ukuta wa ghala, pale malori yalipopanga foleni kuvuka kwenda Zambia. Aliimba nyimbo za ng'ombe: yule mwekundu mwenye pembe moja, yule mweusi anayeongoza kundi kwenda mtoni. Watu walipita. Madereva wa Zambia walimsalimu "mulishani" wakaendelea na safari zao. Jirani yake pale ukutani alikuwa Tabita, mwanamke wa Kinyamwanga aliyeuza mahindi ya kuchemsha.

"Msukuma," Tabita akamwambia, "ng'ombe wako wananikanyaga kichwani tangu asubuhi. Huna wimbo mwingine?"

Hakuwa nao. Akaupata kwa bahati. Karani mmoja mnene alikanyaga tope, akateleza, akakaa chini na makaratasi yake. Luhende akamwimba palepale. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na siku hiyo Luhende alilala ameshiba. Tangu hapo ng'ombe hawakuimbwa tena.

Akaungana na Sadoki, msukuma mkokoteni mwenye mdomo mchafu. Kazi yao ilikuwa hivi. Sadoki anasimama anamtazama mpita njia, anamtaja alivyo. Luhende ameinamia zeze, hatazami, anaimba anachotajiwa. Alikataa kutazama kwa makusudi. Alisema ukimwona mtu uso, huruma inaingia na wimbo unaharibika. Aliuona huo ni ujanja mkubwa.

Wakawaimba kipofu na mwanawe. Wakamwimba mjane aliyevaa kanga ndani nje. Watu wakajaa.

Siku moja, jua likiwa kali, Sadoki akapiga mluzi.

"Bibi huyo anakuja. Kapu kichwani. Ndani ya kapu kuku, kachomoza shingo kama abiria."

Luhende akavuta upinde wa zeze.

"Viatu vya matairi," Sadoki akaendelea. "Na mwendo sasa. Anatembea kama bata aliyeshiba pumba."

Luhende akaimba:

*Bata kaacha bwawa, kaja kupima barabara,*
*kuku yuko juu, bibi yuko chini,*
*mmuulize bata, mbona unayumba,*
*mmuulize kuku, mbona umempanda bibi.*

Watu wakaanguka kwa kicheko. Wazambia ambao hawakuelewa maneno walielewa mwendo. Sadoki akajitwika ndoo tupu, akamfuata bibi nyuma, akiyumba kulia, akiyumba kushoto. Luhende, kichwa chini, alisikia kicheko kinapanda, akarudia ule wimbo. Akaurudia tena. Akaongeza kipande cha makalio.

Kisha kicheko kikaisha, watu wakatawanyika. Tabita akaja na kapu mkononi.

"Luhende," akasema.

Luhende akainua kichwa. Mwanamke yule hakuwahi kumwita jina lake.

"Kuku huyu ni wako. Bibi mmoja ameniachia. Amesema apewe mkwe wake Luhende, Msukuma wa zeze. Na uambiwe mkeo amejifungua salama. Mtoto wa kiume."

"Bibi gani?"

Tabita akamtazama. "Umemwimba wewe, halafu unaniuliza mimi?"

Sadoki alianza kucheka, akaacha. "Mwanangu, mimi nilisema bibi tu. Ningejuaje?"

Kuku alichomoza shingo kutoka kwenye kapu, akamtazama Luhende kwa jicho moja.

"Yuko wapi?"

"Kawahi gari," Tabita akasema. "Kasema hana sababu ya kukaa."

Gari la bondeni lilikuwa bado linapakia. Mama mkwe alikuwa ameshakaa ndani, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Luhende hakuweza kuingia. Alipanda juu, kwenye magunia ya chumvi, na zeze lake na kapu lake, akalala kifudifudi asionekane.

Njiani vijana wawili wauza vitenge wakaanza kuimba. Bata kaacha bwawa. Ndani ya gari wakacheka. Luhende alisikia kila neno kupitia mbao.

"Bibi," kijana mmoja akauliza, "kwani si wewe uliyeimbwa pale ghalani?"

"Siyo mimi," sauti ya mama mkwe ikajibu. "Mabibi tuko wengi."

"Mbona viatu ni hivyo hivyo?"

"Nani havai viatu vya matairi? Yule wenu alikuwa na kuku. Mnaona kuku hapa?"

Juu, Luhende alimshika kuku mdomo asilie.

"Haya, na yule mwimbaji? Anaongea kama watu wa kwenu."

Gari likaruka shimo.

"Sijui," mama mkwe akasema. "Sikumtazama."

Luhende aliomba gari lianguke. Halikuanguka.

Waliposhuka, mama alitangulia, naye akamfuata kwa mbali, kama ilivyo desturi. Kwa mara ya kwanza akamwona anavyotembea. Ni kweli, aliyumba. Alipita katikati ya shamba alilolima mwenyewe, mahindi yamemfika kiunoni, akiyumba kulia, akiyumba kushoto. Na kwenye wimbo hakukuwa na uongo hata kidogo. Hilo ndilo lililomchoma.

Nyumbani hakuruhusiwa kuingia, maana mama mkwe alikuwa ndani na mzazi. Luhende alikaa nje kwenye gogo, kapu miguuni. Nyanzobe akaongea naye kupitia ukuta.

"Baba Kabula, umefika."

"Nimefika."

"Mama anasema alikukuta kazini. Watu wamejaa wanakusikiliza, mpaka wageni. Ulikuwa unaimba nini?"

Luhende akatazama kuku.

"Nyimbo za ng'ombe," akasema.

Ndani mtoto akaanza kulia.

"Basi mwimbie na mwanao. Analia."

"Uzi umekatika."

Uzi haukuwa umekatika. Aliinuka, akaenda nyuma ya zizi, akaukata.

Aliporudi, alimsikia mama mkwe anaongea. Hakuongea naye. Alikuwa anaongea na mtoto, kama mabibi wanavyoongea na wajukuu wa kiume.

"Mume wangu," alisema, "mwambie huyo aliye nje, kuku yule ni wa mayai. Asimchinje."

Hapo ndipo njia ilipofunguliwa. Luhende aliijua. Angeweza kumtuma mtoto yule yule: mwambie bibi yako nimekosa, mwambie bibi yako anisamehe. Mtoto wa siku chache angeyabeba maneno hayo yote, wala mama wala mkwe asiaibike. Lakini Nyanzobe yuko pale anasikiliza, angeuliza kosa gani.

"Mwambie bibi yako," akasema, "nimesikia."

Mama mkwe alisubiri kidogo. Kisha akaanza kumwimbia mtoto mwenyewe.

Luhende hakurudi Tunduma. Alilima, akachunga. Zeze lililiwa na mchwa. Kuku alitaga, akaatamia, akajaza uwanja. Mama mkwe alikufa bila kumwambia mtu habari ya wimbo ule. Siku ya maziko watani wakaigiza mwendo wake, waombolezaji wakacheka wakilia, Nyanzobe naye akacheka. Luhende alikuwa shimoni anachimba. Hakuinua kichwa.

Akadhani yameisha. Lakini miaka ikapita, magoti ya Nyanzobe yakachoka, naye akaanza kutembea kama mama yake. Alitoka kisimani na ndoo kichwani, akiyumba kulia, akiyumba kushoto, na wimbo ukaja wenyewe kichwani mwa Luhende, na kicheko cha watu wa ghalani nyuma yake. Ikawa akimwona tu kwa mbali anakimbilia kumpokea ndoo, ili asimwone akitembea.

Nyanzobe aliona ni mapenzi. Aliwaambia wanawake wenzake, "Mume wangu mimi hanicheleweshi na ndoo." Walimwonea wivu. Mapenzi yalikuwepo, ndiyo. Lakini siyo hayo yaliyomkimbiza.

Alitaka kumwambia. Kila mwaka alijiambia, baada ya mavuno. Nyanzobe alikufa mwaka jana, kabla ya mavuno.

Sasa Luhende anakaa kwenye gogo lile lile. Jioni wanawake wanatoka kisimani, wake za wanawe na wa majirani, wana miguu imara, hakuna anayeyumba. Hata hivyo akiona ndoo ya kwanza inatokea kwenye kona, anainuka.