Hapo Tunamkuta Nani?

Mwaka huu nimechoka kuliko miaka yote, na si jembe lililonichosha. Nimechoshwa na safari ambayo hata mzigo wake sijafunga.

Mwanangu wa mwisho anafanya kazi ughaibuni, katika nchi ndogo ya jangwa ambayo sitaitaja kwa sababu bado anapata riziki yake huko. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwa watu, na sasa ni mwaka wa kumi na nne. Mwaka huu amepata leseni ya kuendesha gari, na likizo ya wiki mbili. Akapiga simu akasema, "Mama, njoo. Tuivuke nchi yote kwa gari, mimi na wewe, kutoka baharini mpaka kule milimani inakoishia. Hata mimi sijawahi kuivuka. Ni siku tano tu."

Siku tano tu! Mimi nikishuka kutoka kwetu Werugha mlimani mpaka Voi, magoti yananilia siku mbili.

Lakini kilichonizuia si magoti. Niseme mapema, ili anayesoma asije akanihurumia bure. Nilikuwa na hasira na mtoto huyo, hasira ya miaka tisa. Baba yake alipofariki tulimngoja siku nane. Mwili ulikaa chumba cha maiti, wazee wakaniuliza kila asubuhi, "Amesema nini?" na mimi nikajibu, "Anakuja." Siku ya nane akapiga simu, akasema neno moja, "Siwezi," akalia, akakata. Hakusema kwa nini. Tukamzika baba yake kwenye ukungu, na nafasi ya kitinda mimba pale kaburini akasimama mtoto wa jirani. Toka siku hiyo nikipokea simu yake nacheka, nauliza habari, lakini ndani kuna jiwe.

Na sisi kwetu tunajua jambo moja. Hasira ya mzazi haikai tuli. Inamtangulia mtoto njiani. Mchungaji anasema hayo ni ya kale, nami kanisani sikosi, lakini sijawahi kuona mama akipanda gari na mtoto aliyemkasirikia na moyo wake ukatulia. Nikisema naenda, nitaingia kwenye gari lake na jiwe langu, katikati ya mchanga, yeye ndiye ameshika usukani. Nikikataa, nitakufa nalo. Hayo ndiyo yaliyonichosha.

Nikashuka Voi hata hivyo, kwa sababu binti yangu mkubwa aliamua. Huyu ana duka la kushona sare za shule karibu na soko, na akiamua jambo huwezi kumtoa. Akaniweka kwenye kiti nyuma ya cherehani, feni ikinipulizia vumbi, akasema, "Mama, wewe kazi yako ni kukaa. Karatasi nitazitafuta mimi."

Karatasi alizitafuta. Barua ya chifu, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa ambacho sikuwahi kuwa nacho na ikabidi kitengenezwe nikiwa na umri huu, kana kwamba nimezaliwa juzi. Halafu tukaenda kupigwa picha na alama za vidole kwa ajili ya pasipoti. Kijana wa pale akaweka kidole changu kwenye kile kioo chao, mashine ikakataa. Akajaribu kingine, ikakataa tena. Vyote kumi.

"Shosho," akaniambia, "vidole vyako havisomeki. Unafanya kazi gani?"

"Nalima. Nasuka vikapu vya mkonge."

"Basi mkonge umekula alama zote. Pumzika wiki mbili, ujipake mafuta na ndimu, urudi."

Binti yangu mkubwa akacheka njia nzima. "Mama, kumbe wewe unaweza kuiba benki na hakuna atakayekujua!" Lakini tulipofika nyumbani akaninyang'anya mkonge wangu na kikapu nilichokuwa nimekianza, akavificha juu ya kabati. Nikabaki na mikono mitupu mapajani, imepakwa ndimu kama samaki. Mtu asiyezoea kukaa bure, kukaa bure kunamchosha kuliko kupanda mlima.

Sasa ikabaki kupanga njia. Mdogo wake, yule wa ughaibuni, alituma ramani kwenye simu, mkubwa akaenda kuichapisha kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani kati ya sweta za kijani na sketi za buluu. Akachukua chaki ya fundi na futi yake ya kupimia nguo.

"Angalia nchi yenyewe," akasema, akaipima. "Haifiki hata mkono wa sweta la darasa la kwanza. Na wewe unaogopa!"

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu. Kusoma najua, lakini polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kwa hivyo tangu utotoni vitu vyangu naviweka kichwani, na vinavyokaa zaidi ni majina. Mdogo alitusomea vituo vya safari mara moja tu kwenye simu, majina sita ya Kiarabu. Kesho yake mkubwa alipoyasoma kwenye ramani akaruka moja, nikamwambia, "Umeruka cha nne." Akaangalia. Kweli alikuwa amekiruka.

"Mama, hicho kichwa chako kingesoma kingekuwa waziri."

Najua majina ya wote niliowahi kulala kwao. Hapa sitaliandika hata moja. Wengine wako hai, wengine wameacha watoto, na jina la mtu si langu mimi kulitembeza. Lakini lazima nieleze njia zetu zilikuwaje, maana hapo ndipo mimi na binti zangu tulipopishana.

Zamani nilipokuwa nikipeleka kabichi na viazi Taveta, hatukuuliza ni kilomita ngapi. Tuliuliza, tunapita kwa nani. Mwatate palikuwa na dada ya baba yangu, ukimpita bila kuingia anakununia mwaka mzima. Bura palikuwa na mke wa katekista, aliyekuwa na maji baridi mtungini. Maktau palikuwa na mtu wa ukoo wetu aliyefanya kazi ya reli, mkewe alikuwa mkali, lakini akikupikia kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, unasahau ukali wake. Halafu ile nyika yote, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, na mwisho kabisa Bomeni, kwa mwanamke Mwislamu wa Taveta ambaye mimi na yeye tuliitana somo. Aliniwekea mkeka wangu peke yangu, hakuna mgeni mwingine aliyelalia. Hiyo ndiyo njia ya Taveta. Leo wamemwaga lami, gari linapita kama mshale, na sijui watu wanamkuta nani.

Basi mkubwa akawa anachora kwa chaki, na mimi nauliza.

"Siku ya kwanza mnafika hapa."

"Hapo tunamkuta nani?"

"Hoteli, Mama."

"Ya nani?"

"Ya watu! Nitajuaje? Siku ya pili mnafika hapa. Hapa ni mchanga mtupu, kuna mahema ya wageni."

"Na hapo tunamkuta nani?"

"Ngamia," akasema mkubwa. "Msalimie kwa lugha yetu, kwawuka mana, akuitikie."

Wateja wakacheka. Kulikuwa na mama mmoja amekuja kupimiwa mtoto wake sare, akacheka mpaka akakaa. Mimi pia nilicheka kidogo, lakini moyoni nilihisi ubaridi. Siku tano, na hakuna hata mlango mmoja ambao mtu atatoka aseme, mmefika. Nikawaza, nikifia njiani katika nchi hiyo, nitafia mbele ya nani? Mbele ya mtoto yule aliyesema siwezi.

Nikamwambia mkubwa nimechoka, nataka kurudi Werugha kwa ng'ombe wangu. Akaweka chaki chini. "Ijumaa lazima tumpe jibu, Mama. Likizo yake haimngoji mtu. Useme ndiyo, au useme hapana, lakini useme kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea."

Siku ya Alhamisi nilikaa mbele ya ile ramani peke yangu, mkubwa akiwa kwenye cherehani. Nikaifuata njia kwa kidole changu chenye ndimu. Kutoka baharini inanyooka vizuri, inaingia mchangani, inanyooka tu. Halafu baada ya kituo cha tatu inakunja. Barabara kubwa inaendelea moja kwa moja mpaka milimani, lakini chaki yetu inaiacha, inashuka kusini mbali sana, inagusa kile kituo cha nne, halafu inapanda tena kuirudia barabara.

"Hebu pima hapa," nikamwambia mkubwa.

Akaleta futi. Mkunjo ule peke yake ulikuwa karibu siku nzima ya safari.

"Kuna nini hapo? Bahari?"

Akaangalia kwenye simu yake. "Hakuna kitu. Kamji kadogo. Msikiti, visima, mitende."

Hapo nikajua. Nimepita njia nyingi na mzigo mgongoni, na mtu hakunji njia bure. Ukimwona mtu mwenye mzigo anaiacha njia iliyonyooka, jua kuna mlango anaoufuata.

Kesho yake Ijumaa mdogo akapiga, ile simu ya kuonana. Sura yake imejaa, macho ya baba yake yale yale. Kabla hajaniuliza kama nakuja, nikamuuliza mimi.

"Kituo cha nne," nikasema, nikakitaja jina. "Hapo tunamkuta nani?"

Mkubwa akasimamisha cherehani.

"Mama, hapo ni... tunapumzika tu," mdogo akajibu.

"Hatupumziki kwa kuzunguka siku nzima. Mimi si mtoto. Hapo tunamkuta nani?"

Akainamisha kichwa mpaka tukaona nywele tu. Halafu akasema. Alipofariki baba yake, alikuwa katika nyumba moja ya kamji kale, akimtunza bibi mmoja ambaye hawezi kuinuka, hawezi kujigeuza, hata maji anywe kwa kijiko. Mtoto wa bibi yule alikuwa amesafiri ng'ambo kwa matibabu, na yeye mwanangu ndiye aliyeachiwa nyumba. Siku zote nane alitafuta mtu wa kubaki na bibi, hakupata. Jirani mmoja alikubali, siku ya saba akabadilisha nia. Angeondoka, yule bibi angekufa kwa kiu kitandani.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambiaje, Mama? Wewe umekaa peke yako unalia, nikuambie siji kwa sababu namwogesha mama wa mtu mwingine?"

Yule mkubwa mwenye mdomo akawa anazungusha uzi kidoleni.

"Na huyo bibi?" nikauliza.

"Yuko hai. Nikimtembelea anauliza kila mara, mama yako hajambo? Anajua siku zile nilikuwa wapi na nilipaswa kuwa wapi. Anataka kukuona kabla hajafa. Niliogopa kukuambia. Nikasema nitakupitisha pale tu, ukishafika utaona mwenyewe."

Akanitajia jina lake. Ninalo.

Nikamwambia mkubwa, "Nipe maji." Akaleta kikombe, akidhani nataka kunywa. Nikakijaza kinywa. Nyumbani kwetu tunaita kutasa. Mtu mwenye hasira anachukua maji au maji ya miwa kinywani, anayapuliza nje, anasema maneno ya kuipoza. Mama yangu aliifanya kwa wanawe wote, na mimi sikuwa nimeifanya miaka mingi, tangu nishike sana mambo ya kanisa. Nikayapuliza maji yale kwa nguvu zangu zote.

"Mama! Sweta za watu!" mkubwa akapiga kelele. Simu ilikuwa imelowa, ramani imelowa, na zile sweta za kijani zilizokuwa zichukuliwe jioni zina madoa. Mdogo kule akawa analia na kucheka pamoja, hanioni kwa matone.

Nikasema, "Kama kulikuwa na kitu moyoni mwangu kwa mtoto huyu, kimetoka. Kipoe kama maji haya. Njia yake iwe baridi." Nikapuliza mara ya pili, kidogo, maana pumzi ilikuwa imeisha. Mkubwa akafuta simu kwa kitambaa cha sketi.

"Basi unakuja?" mdogo akauliza.

"Huyo bibi ana meno?"

"Hana, Mama."

"Basi mahindi ya kukaanga hapana. Nitaona cha kumletea. Siendi nyumba ya mtu mikono mitupu."

Sitasema uchovu uliisha. Magoti ni yale yale, na ndege bado naiogopa. Lakini usiku ule nililala bila kuhesabu njia.

Wiki mbili zilipotimia tulirudi kwa yule kijana. Vidole tisa vilisomeka. Cha kumi, kile cha gumba la kulia ninachokazia mkonge, kilikataa katakata, akaandika maelezo kwenye fomu, akasema inatosha. Tulipotoka nikamwambia mkubwa apande kwenye kabati anishushie mkonge wangu. Akaguna, akasema nitajiharibia tena, pasipoti bado haijatoka. Akaushusha.

Kikapu kile nilikifumua nikakianza upya, kidogo, cha kuning'inia kando ya kitanda, mtu aliyelala aweze kukifikia kwa mkono. Leo kimebaki mdomo tu.