Kinanda Chini ya Chupa ya Chai

Tangu mumewe afariki, Hadija wa Pasua alikifunika kile kinanda cha umeme cha zamani kwa kitambaa cha kufuma, akakifanya meza ya chupa ya chai. Leo fundi redio angekuja kukichukua akakitoe vipuri. Binti wa Hadija, Ummy, akakichomeka kwenye umeme.

"Wee, kitatuunguza!"

Ummy akainua pembe ya kitambaa, akabonyeza. Sauti ikatoka taratibu, ndefu, kama upepo wa msitu wa Rau, na Hadija akajikuta harusini, ana miaka ishirini, kijana mpiga kinanda, ambaye baadaye alimwoa, akimkonyeza.

"Hodi! Nimefuata kinanda," fundi aliita mlangoni.

"Kinanda gani tena, baba?" Hadija aliuliza, akiihamishia chupa dirishani. "Karibu chai."