Alhamisi ya Mzee Dinko

Katika mtaa wetu wa Spearwood, kusini mwa Perth, mtu aliyesahau siku alikuwa hahitaji kalenda. Alitazama tu nyumba namba ishirini na saba. Majani ya mbele yakiwa yamelowa asubuhi, basi ni Jumanne au Ijumaa. Maji ni ya mgawo huku: tarakimu ya mwisho ya namba ya nyumba yako ndiyo inayokupa siku zako mbili kwa wiki za kufungulia vinyunyizio, na mwenye saba kapewa hizo, mwisho saa tatu asubuhi. Siku nyingine ukitaka kunywesha mche, ushike mpira kwa mkono wako mwenyewe. Majirani kadhaa walikuwa wanaiba siku. Mzee Dinko Gavranich hakuiba hata moja, na alikuwa hachoki kuwasema wanaoiba.

Naandika habari zake kwa sababu mimi ndiye niliyemvurugia siku zake, kisha nikamchongea. Sina njia ya kuzisimulia bila kuanza na hilo.

Alikuja huku akiwa na miaka kumi na tisa, kutoka kisiwa kile kile walikotoka babu zangu, akafikia kwa baba yake mdogo aliyekuwa analima kabichi na nyanya. Alilima miaka arobaini kwenye mchanga wetu, ambao ukikauka sana hukataa maji: unamwaga, yanaviringika juu yake kama zebaki, na chini kumebaki vumbi. Aliujua kwa kidole. Alikuwa anachomeka kidole hadi kwenye kifundo, anasema, "Bado," au anasema, "Mpe." Kila mwaka mwezi wa tatu alikuwa anateremsha kamba kisimani, kisha anachora mstari wa mkaa kwenye ubao wa kibanda cha pampu kuonyesha maji yamefika wapi. Mistari ilishuka mwaka hata mwaka. Shamba lilipouzwa na kujengwa nyumba, hakuchukua trekta. Alichukua ule ubao.

Nilipokuwa na miaka minane alinisimamisha mbele yake gerejini kwake. "Dogo, huu wa juu ni mwaka niliooa. Huu wa chini ni mwaka uliozaliwa wewe. Hapo katikati ndipo tulipokunywa sote." Sikuusahau ubao ule. Ndio ulionipeleka chuo kikuu kusomea maji, na ndio uliofanya nikaanzisha kikundi cha kulilinda ziwa letu, ambalo sasa wakati wa kiangazi ni uwanja wa matope yaliyopasuka na bata wanaozunguka hawajui waende wapi. Nina hasira na ninaona nina haki nayo. Watu wanamwaga maji ya wajukuu wao juu ya majani wasiyoyala wala kuyalalia. Hilo nililisema kwenye mikutano, nikapigiwa makofi, na makofi yakanilevya.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, Mzee Dinko alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Kile kisanduku chake cha zamani cha kuendesha vinyunyizio kilikuwa chini kabisa ukutani, cha gurudumu la saa na pini ndogo za kuchomeka, na hakuweza tena kuinama. Bintiye Ankica, anayefanya kazi migodini kaskazini, akampigia simu: nunua kipya, vile vyenye akili vinavyosoma hali ya hewa. Mzee akaniita mimi. Nani mwingine? Mimi ndiye bwana maji.

Tulikwenda dukani watatu: yeye na fimbo yake, mkewe Mama Zorka na mkoba wake, na mimi na maneno yangu. Muuzaji alituwekea visanduku vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa cha kawaida tu. Cha pili kilikuwa na akili kiasi, na kioo chenye maandishi makubwa, na vitufe. Cha tatu kilikuwa cheupe na laini kama kigae cha bafuni, hakina hata kitufe kimoja. Kila kitu kinafanyika kwenye simu.

Mzee Dinko alikipapasa cha tatu mbele na nyuma. "Hiki unakigusa wapi?"

"Hukigusi, Mzee. Kinajua chenyewe. Mvua ikija kinanyamaza, joto likizidi kinaongeza, na bomba likipasuka kinafunga."

"Na kikikosea?"

"Hakikosei."

Mama Zorka akacheka. "Basi tumwozeshe Ankica."

"Mimi nataka hiki chenye vitufe," Mzee akasema. "Nataka kitu ninachoweza kukizaba kofi."

"Mzee, hicho kinasoma mvua mara moja tu kwa siku. Hiki cheupe kinasoma kila saa. Ukipiga hesabu ya kiangazi kizima, ni maelfu ya lita."

"Simu yangu yenyewe ni ya kupigia tu, dogo. Haina hayo madude."

"Tutatumia yangu. Mimi nitakuangalizia."

Alimtazama muuzaji, kisha akakirudisha chini kile chenye vitufe kama mtu anayeacha chakula mezani kwa adabu. "Haya. Yeye ndiye aliyesoma."

Wakati ule niliona nimelishindia ziwa. Leo nikikumbuka mkono wake ulivyokiachia kile kisanduku, natamani ardhi inifunike. Mtu aliyekuwa anapima maji kwa kidole nilimpokonya kitufe cha mwisho, nikamwambia ashukuru.

Nilikifunga siku hiyo hiyo, pembeni ya ule ubao. Kazi ya nyaya ilikuwa dakika ishirini. Halafu simu ikaanza kuniuliza maswali: mchanga au udongo, maharage au majani, kivuli au jua. Ilipofika kwenye anwani ikajijazia yenyewe, kama simu zinavyofanya, nami nikabonyeza kukubali bila kusoma. Nilikuwa na njaa, na Mama Zorka alikuwa amekwisha kupakua dagaa wa kukaanga na mboga za majani zilizochanganywa na viazi na mafuta ya zeituni. Kwa wiki chache simu ilikuwa inalia kila vinyunyizio vikifunguka. Ikanikera. Nikaizima sauti.

Mwezi wa kwanza joto lilipanda kupita digrii arobaini kwa siku tano mfululizo. Nilimkuta Mzee Dinko kwenye kibaraza, akipepea kofia yake.

"Joto hili, dogo, maharage yangu yatakufa yakisubiri Ijumaa," akasema. "Nitakuja kuwa mwizi uzeeni."

Nilicheka. Lakini nililiweka lile neno.

Kikundi chetu kilikuwa na utaratibu wa kutembea mitaani asubuhi na kuandika namba za nyumba zinazomwagilia siku isiyo yao, kisha orodha inapelekwa kwa watu wa mamlaka ya maji. Wengi waliogopa kujiunga. Kwetu huku hakuna tusi baya kuliko mchongezi. Mtoto hulijua neno hilo kabla hajajua kufunga viatu. Ukimshitaki mwenzako kwa mwalimu, unaweza kumaliza shule yote unakula peke yako. Mimi niliwaambia wanakikundi kwamba huo ni woga unaojiita urafiki. "Usitazame uso," niliwaambia, "tazama namba."

Alhamisi moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilipita mbele ya ishirini na saba na vinyunyizio vilikuwa vinazunguka. Njia ya miguu ilikuwa imelowa hadi barabarani. Nilisimama. Mlango wake ulikuwa hatua kumi na tano kutoka niliposimama. Najua kwa sababu nimezihesabu baadaye. Ningebisha. Ningesema, "Mzee, leo Alhamisi, vipi?" Badala yake nikalikumbuka lile neno lake la wizi, nikajiambia: kumbe hata yeye. Na nisifiche, nilijisikia mkubwa. Nilijiona mtu wa haki asiyependelea hata mzee aliyemfundisha. Nikapiga picha, nikaandika namba, nikatuma.

Barua ya onyo ilimfika baada ya siku tisa. Aliisoma kwenye klabu ya wazee wetu, kwenye uwanja wa kurusha matufe, kwa sababu miwani yake ilikuwa huko. Hakuweza kuficha uso wake, mmoja akaichungulia begani kwake, na wale wazee hawana huruma.

"Dinko, Alhamisi tuje na sabuni?"

"Mwacheni jamani, anafuga samaki kwenye majani!"

"Miaka yote anatuhubiria, kumbe padri mwenyewe mlevi!"

Alikusanya matufe yake akaondoka. Mimi nilikuwepo, nimemletea mjomba wangu dawa. Nilitazama chini.

Wiki iliyofuata Mama Zorka aliniita nyumbani. Alinimiminia kahawa, hakuimimina ya kwake.

"Mwanangu, Dinko anapotelewa na akili."

"Nani kasema?"

"Naona mwenyewe. Tangu kiangazi kianze, Alhamisi anaamka, anatazama nje, anavaa shati lake la Ijumaa. Anakwenda kwa muuza samaki, anamkuta hajaleta samaki. Anakwenda klabu, geti limefungwa. Mara tatu sasa! Anarudi, anakaa kitandani, haongei. Ijumaa yenyewe ikifika hataki kutoka, anasema hana uhakika. Na sasa hii barua. Anasema lazima ni yeye aliyekichezea kile kisanduku akasahau."

"Hakina kitu cha kuchezea, Mama Zorka."

"Ndivyo ninavyomwambia! Anasema basi ndiyo mbaya zaidi. Ankica anakuja Jumatatu. Ameshaongea na nyumba ya kutunzia wazee, wampokee."

Nje ya dirisha nilimwona Mzee Dinko. Alikuwa amefunga bomba kuu kabisa. Alikuwa anabeba maji kwenye ndoo, nusu nusu, fimbo mkono mmoja na ndoo mwingine, akiyapelekea maharage. Kila baada ya hatua tatu anasimama. Aliinama kwa shida, akachomeka kidole mchangani, kisha akakitoa akakitazama kama kitu asichokiamini tena.

Nikatoa simu. Nikaenda moja kwa moja penye maswali ya siku ile ya kwanza; nadhani nilikwisha kujua. Pale penye anwani paliandikwa namba tisa. Tisa ni nyumba yetu, mimi na mama yangu, mwisho wa mtaa. Tisa ni Alhamisi na Jumapili. Kigae changu cheupe, kinachopanga siku kwa namba ya nyumba, kilikuwa kimemwagilia bustani ya Mzee Dinko kwa siku za nyumba isiyo na hata jani moja, na mzee aliyesoma wiki kwa maji miaka yote alikuwa ameisoma sawasawa. Wiki ndiyo iliyokuwa na makosa.

Nilimwendea pale pale kwenye maharage.

"Mzee, si wewe. Ni mimi. Niliandika namba ya nyumba yetu."

Nikamwonyesha. Alisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Tisa," akasema.

"Tisa."

"Kwa hiyo majani yalilowa Alhamisi kweli."

"Kila Alhamisi."

"Kichwa changu kizima?"

"Kizima, Mzee."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alianza kucheka, kisha ikawa si kicheko, akajifuta kwa mkono wenye mchanga. "Zorka!" akaita. "Mpigie Ankica! Mwambie yule mwendawazimu ni dogo, si mimi!" Akanipiga begani kwa nguvu. "Punda wewe. Punda mwenye shahada!" Akavuta pumzi. "Sasa nimtafute tu yule mchongezi. Mtu anapita mlangoni kwangu, anaona maji, anashindwa kubisha? Huyo si mtu."

Mama Zorka alikuwa amekwisha kutoka na simu sikioni, anampigia kelele za furaha bintiye. Ningeweza kunyamaza. Picha haikuwa na jina langu. Ile furaha ilikuwa imeniingiza na mimi ndani yake, na nilitaka kubaki humo.

"Ni mimi pia," nikasema.

Hakuelewa. Ikabidi niseme tena, yote, pamoja na zile hatua kumi na tano na pamoja na jinsi nilivyojisikia mkubwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunitukana. Aliokota fimbo, akasimama kwa kuegemea ukuta. Nilipompa mkono hakuuona.

Jumapili nilikwenda klabu nikawaambia wale wazee wote mbele yake. Waliniita mchongezi, mmoja baada ya mwingine. Watu wa maji nimewaandikia, wamelifuta onyo. Ankica amerudi migodini. Kwenye kikundi bado natembea asubuhi, kwa sababu ziwa bado linakauka na hasira yangu haijaisha. Lakini siku hizi nabisha hodi kwanza, na wengi wanaofungua wanaona aibu ndogo kuliko ninayoiona mimi.

Mwezi uliopita Mzee Dinko alinitumia mtu niende. Kwenye meza ya gereji kulikuwa na kile kisanduku chenye vitufe, kimefungwa bado kwenye boksi lake. Nilikifunga ukutani, mahali pa juu asipohitaji kuinama, pembeni ya ubao wa mistari. Alisimama nyuma yangu muda wote.

"Hapa wameandika nini, Bwana Jakov?" akauliza.

Miaka yote alikuwa ananiita dogo.

"Wanataka namba ya nyumba, Mzee."

"Sogea."

Nikasogea. Akavaa miwani, akanyoosha kidole kile kile cha mchangani, akabonyeza mbili. Akasubiri ionekane. Akabonyeza saba.