Siku Baba Alipotaka Kwenda Kuvua Samaki Kamburu

Ijumaa jioni, akiwa ananawa miguu baada ya kutoka kuchuma majani chai, Baba alisema kesho yake nyumba nzima itakwenda kuvua samaki kwenye bwawa la Kamburu. Kisha akaomba taulo. Mama alinitazama, mimi nikamtazama kaka yangu Ireri, naye Ireri akatazama dari.

Kwetu Kibugu hakuna aliyewahi kula samaki, seuze kumvua. Wazee wetu walimhesabu samaki kuwa jamaa ya nyoka, na Baba hajawahi kusema tofauti. Lakini kilichonishtua mimi ni jina la Kamburu. Huko ndiko aliko Okoth, mvuvi aliyezoea kuleta samaki mjini Embu karibu na duka la vitenge ninakouza, mpaka tukazoeana na akataka kunioa. Kwa miezi mingi nilimsihi Baba akubali kuwapokea watu wake. Hakukubali, hakukataa. Nikilianzisha hilo, yeye huanza habari za mvua.

Sasa anataka kwenda huko mwenyewe? Mama alininong'oneza jikoni kwamba ni aibu, baba wa msichana hawatangulii watu wa mvulana, tutaonekana tunatembeza binti kama mboga. Sikujua kama Baba anakwenda kumpa Okoth mkono au kumfukuza. Usingizi ulinipaa.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi yetu ya kila siku. Ireri aliwasha pikapu, Mama akapakia mkungu wa ndizi, chupa ya chai na sufuria ya mukimo, maana alikuwa na hakika kwamba huko tutashinda na njaa. Baba alitoka amevaa suti ya kanisani, na chini gambuti za shambani. Nilimwangalia juu nikaona harusi, nikamwangalia chini nikaona kazi.

Mjini Embu alimwambia Ireri asimamishe gari, akaingia duka la vifaa na kutoka na ndoana na kibunda cha uzi. Aliniuliza kama ndoana zinatosha ukubwa. Nilimwambia mimi nauza vitambaa. Basi nikaanza kufikiri kwamba labda mzee amechoka na majani chai tu, anataka kuvua samaki kama watu wengine, na mimi najisumbua bure.

Tulipopita Gachoka joto lilitukamata. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Vumbi liliingia kila mahali, na pande zote ni mashamba ya muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, na miti ya miiba. Hapo Baba akaanza maswali. Maji ya kunywa huko hutekwa wapi? Nikasema Okoth anasema si mbali. Hospitali je? Okoth anasema kuna zahanati. Na nyumba? Okoth anataka kujenga ya mawe. Kila nilipojibu aligeuza uso dirishani, nami nikazidi kuchanganyikiwa, kwa kuwa nilidhani najibu vizuri.

Kamburu tuliwakuta Okoth na mama yake wamesimama ufukweni wakitungoja. Nilishangaa nani amewaambia, mpaka nilipoona Ireri anacheka chini chini. Baba alikuwa amemtuma kwao wiki moja kabla. Mama Okoth alipokea ndizi kwa mikono miwili. Yeye ni Mjaluo, Mama ni Muembu, na Kiswahili cha Mama ni cha sokoni, hivyo walisalimiana kwa muda mrefu kwa maneno machache. Mama alikataa katakata kupanda mashua. Alibaki kivulini na mwenyeji wake.

Majini, Baba alishika ubao wa mashua kwa mikono yote miwili. Aliuliza lile jiwe la mbele ni jiwe gani, Okoth akamwambia kwa upole kwamba ni kiboko, na akapiga kasia kuelekea upande mwingine. Okoth hakuzicheka zile ndoana. Alifunga moja kwenye uzi, akaweka chambo, akampa mzee. Tulikaa. Baba alipovuta tilapia mmoja alimfunika kwa leso yake, akamshika hivyo hivyo, hajui amweke wapi.

"Okoth," akasema, "usiku ukiwa huku kwa maji, mtu wako wa nyumbani anakaa na nani?"

"Kwa sasa mtu wangu ni mama, Mzee," Okoth akajibu. "Yeye halalangi. Ananingoja mpaka asikie nimefika."

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Nilitazama maji yale, mapana na ya rangi ya chai ya maziwa, nikaogopa. Nilikasirika pia, sijui nilimkasirikia nani.

Mchana Mama Okoth alitenga ugali, na samaki wa Baba mzima juu ya sahani, amekaangwa na nyanya. Baba alinawa mikono. Alichukua sahani, akaishika, asile. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo hanisemeshi kamwe, ili wenyeji nao wasikie.

"Wawira. Mimi nikule hii samaki, ama niache?"

Mama aliinamisha kichwa, na hapo nikaelewa. Kwetu, siku ya kuposwa, baba hushika kikombe kilicholetwa na watu wa mvulana na kumwuliza binti mbele ya wote kama anywe. Binti akisema kunywa, ameolewa. Akisema acha, wageni hurudi kwao. Baba alikuwa akiniuliza hilohilo, na sahani ya samaki badala ya kikombe, ugenini, kinyume cha taratibu zote.

Nilikuwa na majibu tele ya kumpa akikataa. Kuulizwa sikukutarajia. Okoth hakunitazama, alitazama mikono yake. Mimi mwenyewe sikuwa nimeonja samaki hata siku moja. Kila Okoth aliponialika hotelini mjini nilisema nimeshiba, naye akaninunulia chapati.

"Ngoja, Baba," nikasema.

Nikanyoosha mkono, nikamega kipande kwenye sahani yake, nikala. Kilikuwa na ladha ya nyanya, na nyuma yake ladha ya tope kidogo, na mwiba uliokwama kwenye fizi. Nilitafuna polepole nikiwaza usiku ule wa kungoja. Niliogopa bado. Nikameza.

"Kula, Baba."

Akala. Alikula kwa kukunja uso, akitoa miiba mmoja mmoja, mpaka sahani ikabaki mifupa. Mama Okoth alifuta macho kwa kanga.

Jioni, tukipanda kurudi kwenye baridi yetu, nilimwuliza Baba kwa nini alininyamazia miezi yote ile, na kama alimchukia Okoth kwa sababu si wa kwetu.

"Kila siku ni Okoth anataka, Okoth anasema," akanijibu. "Okoth ana mama yake wa kumwuliza anataka nini. Mimi nilikuwa namngoja binti yangu aseme."